Nimevunjika mguu, nimepita kwenye hogo, magongo na fizio: hela ilienda wapi na nini kilinisaidia

Jumatatu iliyopita nimeshona nguo kwa kukanyaga cherehani kwa mguu wa kulia, mara ya kwanza tangu mwisho wa mwezi wa nne. Nilishona mshono mmoja tu, pindo la sketi ya shule, jasho linanitoka kama nimebeba gunia la mkaa, ila nikaumaliza. Sasa kwa kuwa kila mteja anayeingia ananipa pole afu anafatishia "hivi dada ulitibiwaje, maana na shemeji yangu kavunjika", nimeona niandike vyote humu mtu asome mwenyewe, nilichonunua na nilicholipia, kipi kilinifaa na kipi kilikula hela bure. Majina ya hospitali na maduka sitaji, wengine nawasema vibaya na sitaki kesi.

Ajali yenyewe fupi. Masika, Tandika, bodaboda anakata kona kwenye tope ikateleza, yeye akaangukia upande wake, mi mguu ukabaki chini ya pikipiki. Maumivu hayakuja palepale, kilichotangulia ni mlio, kama mtu anavyovunja muhogo mkavu. Watu wakajaa, si unajua Dar kila mtu ni daktari, mmoja keshashika kisigino anataka "kuunyoosha urudi". Mama mmoja anakaanga mihogo pale pembeni ndo akamfokea akamtoa, akachukua boksi la mafuta ya kula akalikunja kama mfereji, akalipitisha chini ya mguu kuanzia juu ya goti mpaka unyayoni, akafunga na kanga yake sehemu nne, na mafundo akayaweka pembeni sio juu ya palipovunjika. Hospitali dokta aliuliza nani kafunga hii, nikamwambia muuza mihogo, akatikisa kichwa akasema huyo aje nimwajiri. Maana yake ni kwamba ukivunjika katikati ya mguu lazima goti na kifundo vyote viwili visicheze, vikicheza zile ncha za mfupa zinachanachana nyama huko ndani, na mfupa ukitoboa ngozi hapo umeingia kwenye matatizo mengine kabisa. Boksi la bure, kanga ya watu (nilimpelekea doti mpya baadae), nyota 5 kati ya 5. Safari nzima sikupata huduma ya kuizidi hiyo.

Hospitali sasa. Foleni ya kupiga picha ilikuwa masaa mawili na nusu, nimelala kwenye machela koridoni, mlango wa nje kila ukifunguliwa upepo wa mvua unanipiga, nikiomba dawa ya maumivu naambiwa subiri faili lako linatafutwa. Faili nilikuwa nimelilalia mwenyewe, mtu aliliweka pale kwenye machela akasahau, akaja kuligundua mhudumu wakati ananigeuza. Mapokezi nyota 2, na ya pili nampa yule mhudumu.

Ila dokta wa mifupa nampa zote. Alinyanyua picha kwenye mwanga akanionesha, mfupa mkubwa wa ugoko umepasuka mshazari, ule mwembamba wa pembeni mzima. Akaanza kunifafanulia mshazari ni nini, nikamwambia dokta mi fundi nguo, mshazari naujua kukushinda. Akacheka, akasema basi unajua kitambaa cha mshazari kinavyovutika, na mfupa uliokatika hivo unapenda kuteleza ukapishana, bahati yako huyu mwembamba hajakatika anamshikilia mwenzake, kwa hiyo tutajaribu hogo, lile ganda gumu la kushikilia mfupa, bila kukupasua lakini wiki za mwanzo utakuja kupiga picha mara kwa mara tuone kama haujahama. Hapo ndo nilianza kutulia.

Hogo halikufungwa lote siku ile, na hili watu wengi wanagomba nalo manesi bure. Siku za mwanzo mguu unavimba, ukizungushiwa hogo zima nyama zinakosa pa kwenda na damu inabanwa, kwa hiyo unawekewa nusu tu kwa nyuma kama ganda, juu bandeji, afu uvimbe ukishuka unarudi kufungwa kamili. Mi nilikaa na nusu siku 6. Kitu ambacho sikuambiwa na yeyote, na hapa nawatoa nyota, ni dalili za hatari. Niliambiwa na mama wa kitanda cha jirani ambae mwanae alishapitia: maumivu yakizidi badala ya kupungua hata baada ya dawa, yaani yanapanda, vidole vikiwa na ganzi au vikabadilika rangi au ukivinyoosha unapiga kelele, usisubiri asubuhi, unarudi usiku huohuo wakalegeze. Ule mbano wa ndani unaweza kuua msuli ndani ya masaa tu. Hayo yalitakiwa yaandikwe kwenye karatasi niondoke nayo, sio nibahatishe jirani mwenye huruma.

Siku ya kufungwa hogo kamili niliingojea kama harusi. Wanakuvalisha soksi laini, pamba juu yake, alafu zile bandeji zenye unga mweupe zinachovywa kwenye maji zinazungushwa zikiwa rojorojo, dokta anaukandika kwa viganja anaufuata mguu ulivyo, na baada ya dakika chache linaanza kupata joto. Niliogopa nikajua naungua, joto lake kama pasi uliyoizima muda kidogo. Ni kawaida, ule unga ni jasi iliyochomwa mpaka ikapoteza maji, sasa ukiirudishia maji inajifunga upya na ndo inatoa joto. Jasi hata kwetu ipo, Makanya kule Same wanaichimba. POP yenyewe, yaani huo unga wa hogo, kirefu chake plaster of Paris, nilikuja kusoma (wiki 13 ndani unasoma kila kitu mpaka maandishi ya kwenye kopo la maziwa) kwamba alieanza kuipaka kwenye bandeji ni daktari wa jeshi wa Uholanzi, Antonius Mathijsen, miaka ya 1850 mwanzoni, kabla ya hapo wengi walikuwa wanafungwa mbao tu. Na hilo neno Paris ni sababu jasi ilikuwa inachimbwa hapohapo Paris, kilima cha Montmartre.

Kugumu linagumu haraka ila kukauka kabisa ni kama siku mbili, na ndani ya hizo siku usiliegemeze kwenye ukingo wa kitanda linabonyea na huo mbonyeo utakukaa kwenye ngozi mpaka uchunike. Lilikuwa zito jamani. Kutoka pajani mpaka vidoleni, goti limekunjwa kidogo, kugeuka kitandani unamuita mtu. Wiki 6 hizo. Kuwashwa sasa ndo msiniambie. Nilitumia kijiti cha mshikaki, nakiri, na kikakatikia ndani, na dokta alipofungua kubadilisha akakikuta na kidonda chake pembeni, aliniangalia tu hakusema neno ikawa mbaya kuliko kunifokea. Wewe gongagonga kwa juu na vidole, au upulize upepo wa baridi kwa juu, usiingize kitu.

La pili lilikuwa fupi, chini ya goti, na hapo nikaongeza hela nikafungwa lile la kisasa la faiba. Nililipa karibu mara tatu ya POP. Linastahili? Kwa hogo la pili ndiyo, jepesi unasahau kama lipo, nusu saa limeshakauka, halipasukipasuki, na lina rangi, langu zambarau. Kwa hogo la kwanza hapana, POP inakandika vizuri kuufuata mfupa na ndo wakati ambao mfupa bado unaweza kuhama. Na msidanganyike na wanaosema la faiba unaogea, ganda ndo haliogopi maji, pamba ya ndani ni ileile, ikilowa inanuka na kuoza ngozi. Niliogea mfuko wa rambo umefungwa na raba za kwenye mabunda ya noti, mguu umewekwa juu ya ndoo nyingine. POP nyota 4, faiba nyota 4, kijiti cha mshikaki sifuri.

Wodini kulikuwa na kijana wa bodaboda (sio alieniangusha) kavunjika palepale kama mimi ila mifupa yote miwili, akapasuliwa kuwekewa msumari, na wiki ya pili mwenzangu anatembea na magongo anakanyaga kidogokidogo mi nimelala na gogo langu. Wivu ulinishika nikamuuliza dokta kwa nini yeye. Akanieleza kuwa msumari unapita katikati ya uwazi wa mfupa na wenyewe ndo unabeba mzigo wakati mfupa unajiunga, goti na kifundo vinabaki huru havikakamai, ila umepasuliwa, na kidonda kikiingia wadudu mpaka kwenye mfupa utaitafuta hiyo hogo ulioikimbia. Ule msumari wake unatoka shirika la Marekani linaitwa SIGN, la mji wa Richland jimbo la Washington, walianza 1999, na hata MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanaitumia. Ujanja wake ni kwamba hauhitaji ile eksirei ya kuonesha picha mubashara ndani ya chumba cha upasuaji, ambayo hospitali nyingi hazina, kuna mkono wa chuma unafungwa kwa nje unaelekeza tundu la skrubu lipo wapi ndani ya mfupa. Mi kama fundi nilielewa haraka, ni patani hiyo, ile karatasi ya kufuatisha ukikata nguo. Huyohuyo kijana alikuwa anatoroka kwenda kuvuta sigara nje na dokta akamwambia wazi kabisa, sigara inabana mishipa midogo na mfupa unachelewa kuunga, chagua.

Sasa magongo, na hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu niliyopoteza hela kijinga na kidogo nivunjike tena.

Ya kwanza niliazimwa na jirani, ya mbao, ya kwapa, yametengenezwa kwa ajili ya baba mtu mzima mrefu. Nikawa nayaning'inia kwa makwapa kama nguo kwenye henga. Siku ya nne hivi vidole vya mkono wa kulia vikaanza ganzi, nikadhani nimelalia vibaya, siku ya sita nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Fundi asietunga uzi! Nililia siku ile kuliko siku ya ajali. Kumbe kwapani kuna mishipa ya fahamu inapita kwenda mkononi na ukiining'inia unaibana, gongo la kwapa jina tu, mzigo unakaa kwenye viganja, kwapa haliguswi. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo viingie vidole viwili au vitatu, na pale pa kushikia pawe usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama mikono imening'inia, ili ukishika kiwiko kiwe kimekunjika kidogo. Ganzi iliisha baada ya wiki mbili hivi, ila usingizi ulinipotea hizo wiki mbili.

Ya pili nikaenda kununua Kariakoo, aluminiamu, yanarefushwa kwa vibatani, sh 45,000. Mazuri kuyatazama. Muuzaji hakunipima, alinipa tu kama anavyotoa fagio. Na ile mipira ya chini haikuwa mpira, ilikuwa plastiki ngumu imepakwa rangi nyeusi, na mi sikujua kuangalia. Wiki hiyohiyo asubuhi naingia bafuni, vigae vimelowa, gongo la kushoto likakimbia lenyewe kama lina safari zake, nikaenda chini taratibu nikiona kila kitu, nikakalia ndoo. Ndoo ilipasuka mi nikapona. Nilipiga simu dukani nikajibiwa "bidhaa ikishatoka hairudi dada". Sawa. Nikanunua mipira halisi duka lingine, sh 3,000 kila mmoja, mipana chini ina michirizi kama soli ya raba, na magongo yaleyale yakawa magongo. Kwa hiyo magongo nyota 3, plastiki zake nyota 0, mipira ya elfu 3 nyota 5. Ukienda kununua ligeuze gongo kwanza, bonyeza mpira wa chini kwa kucha, kama haubonyei hata kidogo rudisha. Na baada ya miezi angalia tena, ule mpira unaisha upande mmoja kama soli ya kiatu.

Kwenye ngazi mguu mzima unatangulia kupanda, mgonjwa na magongo yanafata, kushuka ni kinyume chake, magongo na mgonjwa vinatangulia. Mi nilikuwa naimba kimoyomoyo kila ngazi. Mguu mzima usivalishe ndala, ndala na magongo haviendani, vaa raba. Na dera! Hakuna alieniambia kuhusu dera. Unatupa gongo mbele linakanyaga pindo lako mwenyewe, unajivuta shingo. Nilikaa kitandani nikakata madera yote saba nikayapandisha mpaka nusu ya ugoko, nikashona kwa mkono. Pia nilishona mfuko wa kuning'iniza shingoni maana ukiwa na magongo huna mkono, chai utaibebaje kutoka jikoni, nikawa naweka chupa ndogo ya chai, simu, dawa. Wagonjwa wenzangu pale kliniki waliupenda nikawauzia 11. Sketi nilizipasua pembeni nikaweka vifungo, hogo linaingia bila kugombana. Kwa kweli hiyo miezi mashine ya mikono ndo ilinilisha.

Shangazi yangu alikuja kutoka Muheza wiki ya tatu, na yeye alikuja na ajenda. Kwao kuna mzee anaunga mifupa, anafunga vibanzi na dawa, na anachukua kuku anamvunja mguu anamfunga dawa ileile, siku kuku akitembea na wewe unatembea. Nikamuuliza shangazi kuku anatembea baada ya siku ngapi, akasema kama wiki tatu, nikamwambia shangazi mi sina uzito wa kuku. Alinuna siku mbili. Simcheki huyo mzee, vibanzi ni vibanzi, hata yule muuza mihogo wangu hakutumia zaidi ya hapo, na wapo waliopona kwake. Tatizo langu ni kwamba hana picha, hajui kama mfupa umepishana au la, na kule wanakanda. Kukanda mfupa uliovunjika mbichi mi siwezi hata kuandika bila kukunja vidole. Na wakikaza vibanzi sana ni yaleyale ya damu kubanwa.

Tulikubaliana jikoni. Akataka ninywe supu ya kongoro kila asubuhi, ya mama wa kona sh 3,000 kwa bakuli, tukaenda nayo miezi miwili, piga hesabu ni 180,000. Siku nimemuuliza dokta akacheka, akasema supu tamu kunywa tu lakini kalisiamu inabaki kwenye mfupa ulioutupa, haikuingia kwenye mchuzi kwa wingi unaofikiri, kula dagaa na mifupa yake, maziwa, mayai, maharage, mboga za majani, na toka nje upate jua la asubuhi. Dagaa! Kifungu cha mia tano. Shangazi akasema dokta huyo hajui kitu, akaendelea na kongoro yeye mwenyewe, nasikia magoti yake yamekuwa mazuri.

Watu wanauliza mbona wiki 13, fulani alivunjika mkono wiki 6 akafunguliwa. Ugoko ni mvivu. Shika wako sasa hivi uone, kwa mbele ni ngozi na mfupa, hakuna nyama, na nyama ndo inaleta damu ya kuunga. Wiki za mwanzo ni damu iliyoganda pale, inageuka kitu laini kama gegedu, baadae ndo kigumu, kwenye picha unaona kama wingu jeupe limezunguka palipokatika. Wangu wiki ya 8 wingu lilikuwa jembamba nikakata tamaa, wiki ya 13 likaunganika pande zote.

Kufungua hogo kunatisha kuliko kunavyouma. Ule msumeno unapiga kelele kama wa fundi seremala na unaona unakuja mguuni, lakini hauzunguki, unatikisika tu kwa haraka, kitu kigumu unakikata na ngozi laini inacheza nao tu. Alieufungua aliugusisha kwenye kiganja chake kwanza nione. Ndani nilikuta mguu wa mtu mwingine. Mwembamba, ngozi inabanduka kama gamba la kitunguu, nywele ndefu, harufu sitaielezea. Na kifundo hakikunji. Nilidhani hogo likitoka natembea naondoka zangu, nimekuja na kiatu cha pili kwenye mkoba kabisa. Nilirudi nacho kwenye mkoba.

Hapo ndo fizio, tiba ya mazoezi. Kituo kidogo, chumba kimoja na nusu juu ya duka la vifaa vya umeme, ngazi 14 kwenda kwenye tiba ya watu waliovunjika miguu, sijui nani aliwaza. Feni moja. Ukifika saa nne mnakuwa watu nane kwenye benchi la watu watano. Sh 15,000 kwa kipindi, nilienda mara 2 kwa wiki kwa wiki 10, jumla 300,000. Mume wangu aliuliza hizo laki tatu ni za kufanyishwa mazoezi tu? Hata dawa hupewi? Ndiyo, hata panadol.

Siku ya kwanza mtaalamu wa fizio alichukua tepu akaipitisha kwenye kigimbi, akaniuliza unasoma ngapi fundi, mwenyewe nikasoma. Kushoto inchi 14, kulia inchi 12 na nusu. Nimepima watu maisha yangu yote sijawahi kuogopa namba ya tepu. Inchi moja na nusu ya nyama imeondoka hivihivi kwa kulala tu. Akaandika, akasema tutapima kila wiki mbili.

Afu akaleta mizani, hii ya kawaida ya kusimama ya kujipimia uzito, akaweka chini mbele yangu na kitabu kinene pembeni yake cha kulingana kimo. Mguu mzima kwenye kitabu, mgonjwa kwenye mizani, magongo mkononi. Kanyaga mpaka mshale usome 15, basi. Nikakanyaga nikaona kabisa nimeweka mzigo wote, mshale unasoma 6. Nikaongeza, ukaruka 22 akanipiga kelele. Tulikaa pale dakika kumi nzima natafuta 15, mpaka mguu ukaijua wenyewe, akaziba mizani na gazeti nikanyage bila kuangalia, akafunua, 16. Wiki iliyofuata 25, iliyofuata 35, hivo mpaka nikafika zangu 68. Mtu akikuambia "kanyaga kidogokidogo" hajakuambia kitu, kidogo ni kiasi gani? Hiyo mizani peke yake ningeilipia.

Mengine ya nyumbani, kanga unaipitisha unyayoni unajivuta kifundo kuja kwako unahesabu 30, kusimama umeshika meza unapanda kwa vidole, kusimama mguu mmoja ukipiga mswaki. Inauma. Kipimo chake kilikuwa hiki, maumivu yanayotulia kabla hujaamka kesho yake ni ya kazi, ukiamka mguu bado umevimba na unauma jana ulizidisha, punguza. Na jioni unauweka juu ya mito, uwe juu kuliko kifua, sio kwenye kistuli usawa wa sofa.

Wiki ya tano akaniuliza hiyo cherehani yako ni ya umeme au ya miguu. Ya miguu. Akasema toa mkanda, toa uzi, pedali iwe nyepesi, kanyaga dakika 5 asubuhi mchana jioni, ule mchezo wa kisigino na vidole ndo hasa mazoezi ninayokupa hapa kwa hela. Nikafanya hivyo, mtaa mzima unasikia cherehani inalia hamna nguo inayotoka. Wiki ya nane nikarudisha mkanda. Wiki ya kumi ndo hiyo sketi ya shule.

Mapungufu yao nayasema pia. Ngazi. Benchi. Kanga ya mazoezi ni moja inapokezanwa mpaka jioni, nilibeba yangu. Ukichelewa dakika kumi wanakupitisha mwisho hata kama foleni ya magari unaijua. Na yule dada wa mapokezi hana chenji milele. Nyota 5 hata hivyo, na ningekuwa na akili ningeenda kabla hogo halijatoka, angenifundisha magongo siku ya kwanza na yale mambo ya ganzi yasingenikuta, naye akaniambia wengi wanakuja mwisho ilhali walitakiwa waanze wakiwa bado wodini.

Juzi tumepima tena. Kushoto 14, kulia 13 na nusu. Nusu inchi naidai. Nina suruali moja ya kubana naipenda, mguu wa kulia ulikuwa unapwaya nikaupunguza mwezi wa tisa, sasa umeanza kunibana na nimeshaanza kufumua.